Sahani ya Pili

Jumatatu alikuja Mwanaharusi, mnadi wa mitumba wa Tangamano,
sauti imekwisha kama betri ya redio.
Akanong'ona: nipimeni koo, nipeni dawa kali,
nina marobota mawili ya makoti hayajafunguliwa.
Mkobani mwake vidonge vinne vya rangi mbili,
kavinunua Barabara ya Kumi na Mbili bila cheti.
Vitatu vilikuwa vya kwake, keshavimeza.
Hicho kimoja, alisema, namwekea mume wangu, naye anapiga chafya.

Panua, nikamwambia. Sema aaa.
Haikutoka aaa. Ilitoka hewa na harufu ya tangawizi.
Nikapitisha kijiti cha pamba nyuma ya kilimi,
pale ambapo mtu mzima hurudi kuwa mtoto:
machozi yakamtoka, akanipiga kofi la mkono.

Halafu, sijui kwa nini,
labda uvivu wa adhuhuri,
labda kwa kuwa sahani zilibaki mbili na mgonjwa ni mmoja,
nikasimama mbele ya kioo cha choo
nikajipitishia kijiti mwenyewe.
Mimi mzima. Sijakohoa tangu Mfungo Tatu.

Sahani zetu zina damu ya kondoo.
Kondoo mwenyewe yuko Duga, anakula maganda ya muhogo,
hana habari kwamba makoo ya mji huu yanamtegemea.
Unachora damuni kwa kiwaya
kama mtoto anayejifunza alifu,
unafunika, unaweka penye joto la mwili,
unaomba umeme usikatike.

Ulikatika.
Saa tisa za usiku nipo na jenereta na mbu,
tochi yangu imeangukia mlango wa friji, kwenye karatasi
aliyoibandika Bi Mwajabu Shekue siku anastaafu:

    Koo lina wapangaji, tangu siku ya kuzaa
    Hawadai hata maji, kimya kimya wanakaa
    Akizuka mvunjaji, ndipo nyumba huchakaa
    Virusi ni mpitaji, mwache apite mtaa

Asubuhi nikafungua.

Ya Mwanaharusi: vitone vya kijivu, vingine kijani kwa mbali,
bakteria wa kawaida wa koo,
wanaoishi kama wapangaji wa nyumba ya urithi Ngamiani,
wanagombania choo, wanapatana kwenye futari.
Mvunjaji hayumo. Aliyeondoka na sauti yake ni virusi,
mdogo mno, darubini yangu haimpati.

Ya kwangu: pete.
Vitone kama vichwa vya pini,
kila kimoja na duara angavu pembeni
pale damu ilipoliwa ikaisha.
Ungeweza kusomea gazeti hapo.
Streptokoki.
Nikarudia kipimo, kama mtu anayehesabu chenji mara ya pili.
Jibu lilelile.

Nikamkumbuka binti wa chai, tunayechangia kikombe.
Nikamkumbuka mama, Muheza, Ijumaa,
nilivyomenya chungwa, nikaonja kipande kama ni kitamu,
nikamlisha kilichobaki.

Jumatano Mwanaharusi akarudi, sauti nusu imerudi yenyewe.
"Mmeona nini?"
"Hakuna."
Akakunja uso. Mfanyabiashara hapendi kuambiwa ghala ni tupu.
"Hata kimoja?"
"Wapo, tena wengi. Lakini ni wako, umekaa nao miaka.
Sukutua maji ya chumvi. Nyamaza siku mbili.
Na hicho kidonge usimpe mumeo."
Akacheka, mlio wa bawaba isiyo na mafuta.
"Ninyamaze? Makoti utaninadia wewe?"

Nikarudi nyuma nusu hatua, nikapandisha barakoa.
"Kumbe nawe unaumwa?"
"Hapana," nikasema. "Siumwi."
Na ilikuwa kweli.

Daftari liko mezani.
Sampuli ya pili, tarehe nimejaza, matokeo nimejaza.
Safu ya jina,
kalamu imekauka, au nasema tu hivyo.